Sifa za Fundi wa Pini Tisa

Tuseme mnunuzi wa sangara pale mwaloni Mugango amechoka kunakili kilo kwenye daftari, anataka uzito uingie wenyewe kwenye kompyuta. Mizani yake ya kielektroniki ina tundu la pini 9 kwa nyuma. Ananunua waya wa kubadilisha siriali kuwa USB, anachomeka, na kompyuta yenye Ubuntu inamkalia kimya.

Fundi wa pupa atafuta mfumo mzima na kuuweka upya. Ninayemsifu mimi hagusi kitu kabla ya kusoma, kwa amri ya dmesg, yale ambayo keneli imeandika. Humo anakuta waya umetambuliwa, draiva ya ch341 imeushika, poti ya ttyUSB0 imezaliwa, na papo hapo imenyang'anywa na brltty. Hiyo ni programu ya wasioona, ya kupeleka maandishi kwenye vifaa vya nukta nundu. Ubuntu 22.04 ilipotoka, programu hii iliudhania waya wa bei nafuu kuwa kifaa chake, kwa kuwa vyote viwili hujitambulisha kwa namba ileile: 1a86:7523. Kumbe hakuna kilichoharibika! Kama mashine ile haitumiwi na asiyeona, brltty inaondolewa, kazi inaendelea.

Poti ikimkatalia ruhusa, haendeshi kila kitu kwa mamlaka ya root, uvivu uliozagaa mno. Humwingiza mtumiaji kwenye kundi la dialout, basi.

Bado kilo hazisomeki. Sasa fundi anachomoa waya kwenye mizani, ananyoosha klipu ya karatasi na kuunganisha pini ya 2, inayopokea, na ya 3, inayotuma. Anaandika herufi kadhaa. Zikirudi kwenye kioo, basi waya na draiva havina kesi. Aulizwe mwenye mizani. Sijaona kipimo cha bei rahisi zaidi kinachomaliza ubishi namna hii.

Inabaki kasi. RS-232, lugha ya tundu lile la pini 9, ni kiwango cha mwaka 1960, kimeitangulia hata Unix, na hakina namna ya pande mbili kuulizana kasi. Mizani ikituma kwa 9600 na kompyuta ikisikiliza kwa 4800, kilo hutoka takataka. Fundi hufungua kijitabu cha mizani, akapanga kasi kwa amri ya stty, na namba zikaanza kushuka kwenye kioo.

"Fundi, hela yote hiyo kwa klipu ya karatasi?"

Mlipe.