Umbali na Uaminifu katika Utenzi wa Fumo Liyongo

Utenzi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, husomwa zaidi kama sifa za shujaa: kimo chake, nguvu zake na mishale yake. Yafaa usomwe pia kama habari ya watu wapendanao waliotenganishwa. Msomaji wa Mollo, katika nyanda za juu za Ufipa, hataiona habari hiyo kuwa ngeni, ijapokuwa pwani ya Lamu iko mbali naye. Wakati wa ukoloni wanaume wa bara waliwaacha wazazi na wake zao wakaenda kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga. Kutoka Ufipa mwendo huo wapita kilomita 1,000. Aliyebaki nyumbani alitegemea salamu za msafiri, au barua ambayo mara nyingi ilimbidi asomewe na mwingine. Pendo lake lilikuwa mikononi mwa mjumbe.

Ndivyo ilivyo katika utenzi huu. Liyongo amefungwa gerezani Pate, na kati yake na mama yake pana ukuta na walinzi. Anayevuka ni Saada, kijakazi apelekaye chakula kila siku. Walinzi hula kilicho kizuri na kumwachia mfungwa makombo. Ndipo Liyongo anapompa Saada wimbo aufikishe kwa mama: afanye mkate wa pumba, na ndani yake atie tupa. Walinzi wanaudharau mkate ule, nao unapita. Hapa mtunzi ametuonyesha jambo zito. Wenye nguvu hawakagui wanachokidharau, na katika dharau hiyo pendo hupata njia. Pumba na kijakazi vyote viwili havikuhesabiwa, lakini ndivyo vilivyokata pingu.

Mtunzi anatupa mjumbe wa pili ili tumpime kwa wa kwanza. Mtoto wa Liyongo naye anatumwa, safari hii na mtawala, aende kwa baba yake aulize siri ya kifo chake. Baba anamwambia, ingawa anashuku hila. Mtoto anarudi na sindano ya shaba, anasubiri baba alale, kisha anamchoma kitovuni. Mama aliyetengwa kwa ukuta alikuwa karibu na mwanawe. Mtoto aliyelala nyumba moja na baba yake alikuwa mbali kuliko wote.

Mwishoni umbali unageuka. Liyongo anapiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, na watu hawathubutu kuteka maji. Mama anaitwa ambembeleze mwanawe. Hakuna ukuta sasa, wala mlinzi, naye anamsihi kwa maneno matamu. Lakini hapati jibu, mpaka mwili unapoanguka. Umbali huu hauna mjumbe.

Wahakiki tumemtaja Liyongo sana, na mama yake kidogo. Saada tumempita kama walinzi walivyoupita mkate. Hilo ni kosa letu. Aliyewahi kungoja habari za mtu wake kutoka Tanga anajua kwamba wapendanao hawatoshi wawili. Yuko wa tatu abebaye neno, na uaminifu wake ndio daraja lao.