Mkono wa Kuruka Sanjari

Ndege mbili zikiruka sanjari, bawa karibu na bawa, kiongozi hutazama njia, mfuasi humtazama kiongozi tu. Mlima Homa utapita, Rusinga itapita, na mfuasi hataviona. Macho yake yako kwenye ncha ya bawa la mwenzake. Kazi hiyo ni ngumu angani, na kwenye simuleta ni ngumu vilevile, kwa sababu ya ufupi wa joistiki. Fimbo ya ndege nyingi ndogo hutoka sakafuni, kati ya magoti ya rubani. Ile ya mezani ni fupi mno, kwa hiyo mkono ukisogea kidogo tu, ndege inaruka upande.

Rafiki yangu hapa Kisumu hutuliza joistiki yake kwa subira ninayoiheshimu sana. Hupaa kutoka uwanja wetu kuelekea kusini-magharibi, Ghuba ya Winam ikafunguka mbele yake. Humfuata kiongozi kwa muda, hutua, hufungua mipangilio, hugusa kitu kimoja tu, kisha hupaa tena.

Kwanza hushughulikia mstari wa mwitikio. Ukinyooka, nusu ya mwendo wa mkono huleta nusu ya mwendo wa usukani. Yeye huupinda ili katikati pawe pole. Lakini upole huo una bei: kinachopunguzwa katikati hurudi kingoni kwa ukali, na aliyepinda kupita kiasi atashtuka kwenye kona, ndege itakapomponyoka. Kwa hiyo hupinda kidogo, tena mhimili wa pua na wa mabawa kila mmoja kivyake.

Halafu kuna eneo bubu, pale katikati ambapo joistiki husogea na ndege isisikie. Wengi hulipanua ili kuficha mtetemo. Anayeruka sanjari hawezi, maana mkono wake hukaa hapohapo katikati. Kila akivuka eneo hilo ndege hunyamaza, kisha hushtuka. Yeye huliacha jembamba kabisa. Tena hutumia mbinu ya marubani wa kweli: huitega ndege iwe nzito kidogo puani, ili mkono uwe unavuta daima upande mmoja.

Nguvu ya injini nayo ina somo lake. Ziwa liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini ya pistoni isiyo na turbo huchelewa kumfikia kiongozi. Basi huongeza mapema na kupunguza kabla hajafika.

Akiridhika, huhifadhi mpangilio kwa jina la ndege ile, kwani ndege nzito hudai mkono mwingine, na kazi huanza upya.