Nani Asiyesadiki katika Kusadikika?

Wahakiki wengi wamekisoma Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert kilichotolewa mwaka 1951, kama kilio dhidi ya serikali ya mkoloni. Hatuwapingi. Lakini sisi tunaokifundisha nchini Uganda twaona kwamba usomaji huo humpa mwanafunzi njia rahisi mno ya kutokea: mkoloni alikwenda zake mwaka 1962, basi na kitabu kimekwisha.

Tuanze na jina lenyewe. Kitenzi ni sadiki. Kiambishi -ik- chaleta hali ya kuwezekana. Nchi hii yaishi kadiri inavyosadikiwa. Je, ni nani asiyesadiki? Wanafunzi hujibu upesi: raia. Tukiitazama hadithi kwa makini twaona kinyume chake. Serikali ndiyo isiyowasadiki watu wake. Wajumbe sita wanakwenda, mmoja baada ya mwingine, kutafuta mambo yatakayoifaa nchi. Wanarudi na maarifa, na ujira wao ni kifungo. Karama naye anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa sababu ya kueneza elimu ya sheria. Serikali imwogopayo raia ajuaye sheria imekwisha kujitolea ushahidi.

Mmoja wa wajumbe hao aitwa Amini. Tulipolifikia jina hilo darasani kicheko kilizuka, kisha kimya. Vijana wale walizaliwa miaka mingi baada ya utawala wa Idi Amin kuanguka mwaka 1979, lakini nyumbani wamesikia. Msichana mmoja akasema, "Mwalimu, nyanya yangu akisikia Kiswahili usiku, huzima taa." Hapo ndipo tulipotambua uzito wa kazi yetu. Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya taifa kwa amri mwaka 1973, na mwaka 2005 katiba ikakifanya lugha rasmi ya pili. Hata hivyo bibi yule alikijua kwa sauti ya askari kizuizini. Aliisikia serikali katika lugha, akazikataa zote mbili. (Wenzetu wa pwani watatuwia radhi, kwao hali ni nyingine.)

Udhaifu wa kitabu, kwa maoni yetu, hauko katika wahusika walio wema mno au wabaya mno, jambo linalosemwa kila mwaka katika mitihani. Uko mwishoni. Karama alitaka sheria. Alichopata ni huruma ya mfalme. Yeye na wajumbe wanaachiliwa, nasi twafurahi, lakini imani yote sasa imetundikwa juu ya moyo wa mtu mmoja. Darasa letu liliuliza kama mfalme atakayefuata hataweza kuwarudisha gerezani, na kwa kanuni ipi atazuiwa. Hatukupata ukurasa wa kuwaonyesha. Tungependa kusoma, katika toleo lijalo, jinsi madarasa ya walimu wenzetu yalivyolijibu swali hilo.