Skrubu ya Kabureta Iguswe Mwisho

Land Rover Series III ya petroli iliyotuniwa Kapenguria, mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, huanza visa ikishateremka Katilu, kuelekea Lodwar. Asubuhi inavuta vizuri. Saa nane mchana ukiizima dakika kumi tu, haiwaki. Dereva anafungua boneti na kukimbilia bisibisi.

Aiweke chini kwanza. Skrubu anayotaka kuizungusha inapima mchanganyiko wa injini inaponguruma tu, gari likiwa limesimama. Ukishakanyaga mafuta, petroli hupita jeti kubwa, na skrubu hiyo haina la kusema.

Petroli huanza kuchemka kwenye nyuzijoto 35 hadi 40 hivi, na Lodwar joto la 35 ni la kila siku. Injini ikizimwa, feni husimama na pampu iliyofungwa ubavuni mwa injini hubaki ikipikwa. Pampu za kizamani zina kikombe cha kioo na kijiti cha kuvuta mafuta kwa mkono. Vuta ukitazama kioo. Kikijaa mapovu, ni mvuke: funika pampu na paipu kwa tambara lililoloa maji, usubiri. Ukiona mchanga chini ya kikombe, basi huenda chembe zimefika hadi kwenye sindano ya floti, na kabureta inafurika. Kagua pia chujio la hewa la oili. Kwa vumbi la huku hugeuka tope upesi.

Kisha kuna kimo. Lodwar iko chini, kama mita 500, na hewa yake ni nzito zaidi hata ukitoa athari ya joto. Kwa hesabu yangu, mchanganyiko uleule hupungukiwa petroli kwa asilimia 7 hivi. Fundi wa mlimani akiwa amefunga jeti ndogo ili kuondoa moshi mweusi, huku bondeni plagi zitatoka nyeupe na injini itagonga ikibeba mzigo. Dawa ni kurudisha jeti ya kiwandani.

Sasa bisibisi. Injini ikishapata moto, kaza skrubu taratibu hadi mngurumo uanze kuyumba, halafu ilegeze mpaka utulie. Ukiikaza yote na injini ikaendelea kunguruma kana kwamba hukugusa kitu, petroli inapenya kwingine. Kwenye Zenith 36IV, kabureta ya Land Rover nyingi za aina hii, mara nyingi uso wa kipande cha juu umepinda kwa kukazwa kupita kiasi, au kipete kidogo cha mpira ndani kimekufa. Tandaza msasa laini juu ya kioo, usugue uso huo hadi ulale sawa, ubadilishe kipete.

Wapo wanaoitupa Zenith na kufunga Weber 34 ICH. Inabana mafuta, ni kweli, ila mchangani ukiwa na mzigo nguvu zake ni haba. Mimi ningesugua.