“Askari wa Vietnam” ni Nani?

Tafsiri za habari za siasa za Marekani zimetuletea msamiati wa utumishi wa jeshini ambao haujapimwa vya kutosha. Neno moja likikosewa, mtu hupewa vita asivyopigana, au hunyang'anywa miaka aliyoitumikia kwa haki.

Mwaka 2010 Richard Blumenthal, aliyekuwa akigombea useneta katika jimbo la Connecticut, alilaumiwa kwa sababu mwaka 2008 alisema hadharani kuwa alitumikia jeshi katika Vietnam. Ukweli ni kwamba alijiunga na jeshi la akiba la Marines mwaka 1970, wala hakupelekwa Vietnam. Mara nyingine yeye mwenyewe aliyaeleza hayo kwa usahihi. Kwa Kiingereza shauri zima lilitegemea kihusishi kimoja: “katika” au “wakati wa”.

Mfasiri mwenye haraka huyapita yote mawili kwa kuandika “askari mstaafu wa Vietnam”. Msomaji ana haki ya kudhani kuwa mgombea huyo alikuwa askari wa Hanoi! “Mpiganaji wa zamani wa Vietnam” ni afadhali kidogo tu, maana humpeleka mtu kwenye mapigano, ilhali neno la Kiingereza lamtaka awe amevaa sare, basi. Twaona “askari wa zamani” latosha, na baada yake ielezwe: “alitumikia jeshi wakati wa vita vya Vietnam”, au “alipigana Vietnam”. Sentensi itarefuka. Na irefuke.

Kitenzi “kustaafu” nacho kina mtego wake. Tim Walz, mgombea umakamu wa rais mwaka 2024, alitumikia Walinzi wa Taifa, ambao ni jeshi la akiba, kwa miaka 24 hadi 2005. Alishika cheo cha Sajini Meja wa Kamandi, ngazi ya 9, lakini kwa kuwa hakumaliza masomo yaliyotakiwa, alistaafishwa kwa ngazi ya 8. Hivyo “Sajini Meja mstaafu” si kweli; “aliwahi kuwa Sajini Meja” ni kweli tupu. Kitenzi “kuwahi” chatufanyia hapa kazi ambayo wenye Kiingereza chao walilazimika kubadili maelezo ya kampeni ili kuipata.

Lililo gumu zaidi ni kiambishi -ni. Mwaka 2018 Walz alizungumzia silaha alizobeba vitani. Kikosi chake kilikuwa Italia mwaka 2003 na 2004, kikisaidia operesheni ya Afghanistan, yeye hakupigana. Je, alikuwa “vitani”? Kisarufi, -ni yaweza kubeba mahali na hali pia. Lakini matumizi yetu ni makali kuliko sarufi: askari aliyebaki kulinda kambi ya Mtwara mwaka 1979, wenziwe wakiwa Uganda, husema “sikwenda vitani”, wala hakuna amdharauye. Kwa kipimo hicho, aliyekuwa Italia ataandikwa “alipelekwa ng'ambo wakati wa vita”.