Mantra si Uradi

Kuifasiri mantra kwa neno uradi kunavutia, kwani vyote viwili hukaririwa. Lakini kisawe hicho kinapotosha. Katika Kisanskriti mzizi man- ni kufikiri, na kiambishi -tra huunda jina la ala. Mantra za Rigveda ni beti za kuisifu miungu, zisomwazo kwa sauti katika ibada ya kafara. Maharishi Mahesh Yogi, aliyeanza kufundisha miaka ya 1950, aligeuza: sauti fupi, ikaririwe kimoyomoyo, maana isizingatiwe. Walimu wake walisema si dini. Mahakama ya shirikisho huko New Jersey, Marekani, ilikataa hoja hiyo mwaka 1977 na kuzuia somo hilo katika shule za umma. Uradi ni kumtaja Mungu. Istilahi hiyo ingekata shauri kabla halijasikilizwa. Neno libaki mantra, na kamusi itenge maana zote mbili.