La Vie est belle: Papa Wemba Amenikosesha Usingizi!

Ndugu yangu, acha sombe ichemke yenyewe, njoo unisikilize! Nimetoka kuiona La Vie est belle hapa Salamabila sasa hivi, na miguu bado inacheza, mabega yanacheza, mbavu zinaniuma kwa kicheko. Filamu ya mwaka 1987, enzi za Zaire, lakini mbichi, changamfu, tamu, tamu kweli kweli, na bado!

Papa Wemba mwenyewe ndiye Kuru: mwembamba, macho yanang'aa, mfukoni hamna kitu. Mwanamuziki wa kijijini anakwenda Kinshasa akitaka sauti yake isikike redioni na kwenye televisheni. Mji unampokea kwa vumbi na kelele, mpaka anaishia kuwa boyi wa patroni mmoja tajiri, mwenye baa ya muziki. Halafu anamwona Kabibi. Weee! Moyo umekwenda!

Sasa shika kiti. Patroni nguvu za chumbani zimemwisha. Mfumu, yaani mganga, anamwagiza aoe msichana bikira, ila asimguse kwa siku 30. Na msichana ni nani? Kabibi! Yuleyule! Boyi anampenda bibi harusi wa patroni, patroni anahesabu siku huku jasho likimtoka, na Mamou, mke mkubwa, amewaka moto. Akina mama tuliokaa nao walipiga vigelegele, wachimbaji wenye udongo kwenye buti walipigana mabega kwa kucheka. Na bado!

Bado hujasikia ile sauti ya Papa Wemba! Nyembamba, kali, inapanda, inapanda tena, unadhani itakatika, kumbe ndiyo kwanza inaanza kupaa. Mama yake alikuwa mwimbaji wa misibani, na huyu mwana wa Lubefu, kule Sankuru kwa jirani zetu, alinyonya uimbaji kwake. Ndiyo maana hata akiimba furaha unasikia kitu kinakugusa chini ya kifua. Magitaa yanaingia, ngoma zinajibu, na ukibaki umekaa, basi una roho ngumu sana!

Wafaransa walituzoesha vichekesho vyao vya muziki, kama French Cancan ya Jean Renoir ya mwaka 1955: magauni, mapenzi, vurugu za ukumbini. Vizuri mno, sikatai. Lakini hii ni ya kwetu! Mweze Ngangura, mzaliwa wa Bukavu, ndiye aliyeiongoza pamoja na Benoît Lamy wa Ubelgiji. Nguo ni zetu, ugomvi wa wake wenza ni wetu, ujanja wa kutafuta chakula cha leo ni wetu kabisa. Nani hapa Salamabila hana ndugu aliyefika Namoya na kibegi kimoja, akitafuta dhahabu na bahati? Kuru ni huyo huyo! Ananyanyaswa, anatumwa huku na huku, na bado anaimba! Na haimbi kwa kujisahaulisha shida. Anaimba kwa sababu anajua anastahili jukwaa.

Mwisho sikuambii ng'o, nitakuharibia utamu. Itafute, ndugu yangu, leo hii, kabla ya kesho. Mwite jirani, waite mama na yaya, ongeza sauti mpaka mwisho, na viti visogezwe pembeni mapema, maana mtacheza tu!